Jinsi ya Kumiliki Vani Ndefu Bila Kufanya Kazi Wala Kusafiri

Umekaa Uingereza muda wa kutosha. Umeendesha Yaris, umelipa bima, umelipa kodi ya halmashauri, na bado ukifika kwenye harusi Leicester au ubatizo Reading hakuna anayekusogelea kukuuliza siku hizi unashughulika na nini. Dawa ipo. Ni bati la mita sita, jeupe, la dizeli, lenye paa ambalo mtu mzima anasimama chini yake bila kuinamisha kichwa. Ukiwa nalo, Jumatatu mpaka Ijumaa utaitwa mjasiriamali, na Jumamosi na Jumapili utaitwa msafiri. Kwamba huna biashara yoyote na hujafika hata Wales, hilo halitamsumbua mtu, mradi ufuate maelekezo haya bila kuruka hatua. Wala siyo magumu. Wapo wanaoyafuata kila siku bila hata kuandikiwa.

Hatua ya 1: Nunua kwa macho

Wauzaji watakuandikia herufi na namba: L2H2, L3H2, L4H3. L ni urefu, H ni kimo. Mtu mwenye kazi ya kweli hukaa chini akapima mzigo wake kwanza, kisha akachagua gari dogo kuliko yote linalotosha. Wewe usijichoshe. L1H1 huingia kila maegesho, na gari linaloingia kila mahali halina heshima. Chukua L3H2. Kwa Ducato, vani ya Kiitaliano, hiyo ni milimita 5,998 za urefu na mita 2.52 za kimo. Nafasi ya kawaida ya kuegesha Uingereza ina mita 4.8. Piga hesabu mwenyewe: mita moja na ushee ya makalio itabaki nje, na kila anayesukuma toroli pale Lidl atalazimika kukuzunguka akijua kwamba upo. Maegesho ya ghorofa yenye kizuizi cha mita mbili mlangoni yasahau kuanzia leo. Sema huyapendi.

Rangi iwe nyeupe. Ndiyo rangi ya mafundi, na ndiyo inayoonyesha uchafu vizuri. Uchafu utatufaa huko mbele.

Hatua ya 2: Kariri ukoo

Hakuna atakayekuuliza kama unajua kutengeneza gari. Utaulizwa kwa nini ulichukua hili ukaacha lile, na hapo ndipo wengi huumbuka. Kariri basi.

Transit ndiye mkongwe. Ilitoka 1965, ikajengwa Southampton miaka mingi mpaka kiwanda kikafungwa 2013. Siku hizi inatoka Uturuki. Ukilisema hilo mbele ya mzee wa Kiingereza, tikisa kichwa kwa masikitiko, naye atakuona mwenzake. Sprinter ilitoka 1995, na Wajerumani wameizoea kiasi kwamba vani yoyote ndefu kwao ni Sprinter. Crafter ya Volkswagen, ile ya 2006 mpaka 2016, ilikuwa Sprinter iliyopewa sura nyingine, ikijengwa na Mercedes wenyewe. Tangu 2017 Volkswagen wana ya kwao, inayojengwa Września. Jina hilo usijaribu kulitamka. Sema "kule Poland". Ducato ilianza 1981 na kwao ni Atessa, Italia, ambako wanatoka pia ndugu zake wa tumbo moja, Boxer ya Peugeot na Relay ya Citroën. Movano ya Vauxhall ilikuwa ya ukoo wa Renault, kisha 2021 ikahamia kwa Ducato kama mke aliyeachika akaolewa kwingine, na jina lake halikubadilika.

Turufu iweke mwisho. Shemeji yako, yule asiyetambua gari lolote isipokuwa Toyota, atasema: "Hizi za Kizungu ni hasara tupu. Subiri Toyota watoe ya kwao." Mwache amalize. Kisha mwambie taratibu kwamba walishatoa mwaka 2024, inaitwa Proace Max, na ni Ducato ile ile iliyobandikwa nembo ya Toyota. Usicheke. Endelea na chai yako.

Hatua ya 3: Hapa usidanganye

Kwa dakika tano tu kuwa mkweli, kwa sababu kamera hazina utani. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ, linalotoza magari yanayochafua hewa, limefunika mitaa yote ya London, na vani ya dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa kila siku inayotembea humo. Vani mpya zote zimelazimika kuwa Euro 6 tangu Septemba 2016. Muuzaji akikuapia kwamba yake ya 2014 "inapita tu", chukua namba ya usajili, uiingize kwenye tovuti ya Transport for London yeye akiwa amesimama hapo hapo. Ulaghai wetu ni wa watu. Mashine hulipwa.

Hatua ya 4: Livishe nguo za kazi

Gari jipya la mizigo lililo safi linatia shaka. Linaonekana la kukodi. Kwa hiyo:

Weka ngazi juu ya paa. Siyo lazima iwe nzima, kwa kuwa haitashuka. Pembeni yake funga lile bomba refu jeupe ambalo mafundi bomba hubebea mabomba ya shaba. Ndani yake usiweke kitu. Kwenye dashibodi, upande wa abiria, tupa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, kipimo cha futi, risiti zilizopauka kwa jua na kikombe cha karatasi cha kahawa ya juzi. Vipange ovyo lakini vionekane kutoka nje. Mlango wa nyuma bandika ile stika ambayo kila fundi wa Uingereza anayo, inayowatangazia wezi kwamba humu hakilali kifaa hata kimoja. Kwako wewe tangazo hilo ni la kweli tangu siku ya kwanza, na huenda ndiyo vani pekee mtaani inayosema ukweli.

Jina la kampuni liwe pana. Ukiandika "Rangi na Plasta" utapigiwa simu ya rangi na plasta. Andika "Usimamizi wa Miradi na Huduma za Kitaalamu". Hakuna aliyewahi kuamka usiku bomba limepasuka akatafuta msimamizi wa miradi. Malizia na "na Wanawe", hata kama una binti mmoja wa miaka minne. Wateja wanapenda kampuni yenye urithi. Na hili ni la msingi: jina hilo lichapishwe kwenye bango la sumaku, usilipake rangi. Utaona sababu yake mwisho wa wiki.

Ovaroli nunua kuukuu.

Hatua ya 5: Jikinge na ndugu

Sasa umefanikiwa kupita kiasi. Watu wameamini. Simu ya kwanza itakuja siku ya pili, kabla hata hujamaliza kusoma kitabu cha gari.

"Shemeji, hujambo? Eti lile gari lako lipo?"

"Lipo, shemeji, isipokuwa leo..."

"Ni kabati tu. Kabati moja."

Hakuna kabati moja duniani. Ukifika utakuta kabati, vitanda viwili, mashine ya kufulia ambayo bado ina maji, friji iliyosheheni samaki ambao hawawezi kuachwa, na makochi yaliyopandishwa ghorofa ya tatu mwaka 2011 na vijana ambao sasa wana mgongo. Lifti haifanyi kazi. Wewe ndiye mwenye gari, kwa hiyo wewe ndiye utakayeshika upande wa chini.

Makabati yana nafuu. Ngoja harusi. Mwenye vani ndefu katika jumuiya ya Waswahili hapewi kadi ya mwaliko, anapewa orodha. Viti mia, meza za kukunja, mikeka, spika za di-jei, halafu sufuria za pilau, zile za kutosha kumwogeshea mtoto, zikiwa zimejaa na moto, zimefungwa kwa karatasi ya alumini na kanga. Mama mmoja atakaa nyuma kuzishika. (Kisheria hapaswi kukaa huko. Mwambie wewe, kama unaweza.) Kwenye mzunguko wa kwanza tu wa barabara sufuria ya mwisho itateleza nusu mita, mchuzi wa mafuta utapenya chini ya kifuniko, utaingia kwenye ubao wa sakafu, na kuanzia hapo kila ukiwasha hita wakati wa baridi gari litanukia bizari nyembamba mpaka siku utakayoliuza.

Visingizio viko vitatu, nakupa kwa mpangilio wa nguvu.

Cha kwanza ni uzito. Mwisho wa leseni ya kawaida ya gari, kwa waliofaulu mtihani kuanzia Januari 1997, ni kilo 3,500, gari na vilivyomo, na vani ya namna hii ikiwa tupu tayari inakaribia tani mbili. Sema, "Nikikamatwa kwenye mzani nimekwisha." Ni hoja nzuri lakini haifanyi kazi, maana ndugu yako atakujibu kwamba yeye kabati lake ni jepesi.

Cha pili ni bima. Sema kwamba bima yako hairuhusu kubeba mizigo ya watu kwa malipo, ukipokea hata pauni ishirini ya mafuta itakuwa batili. Yote hayo ni kweli. Uwe tayari tu kwa jibu lake: "Usijali shemeji, basi sitakupa kitu."

Cha tatu ndicho kinachookoa, na ndicho kitakachokupeleka hatua inayofuata: kitanda. Kitanda kikubwa, kilichopigwa parafujo sakafuni, kisichotoka. Mtu akifungua mlango wa nyuma akakuta godoro hapo lilipopaswa kukaa kochi lake, ataguna, atakuuliza umeanza lini mambo ya Kizungu, kisha ataondoka. Watu wengi wanaojenga nyumba ndani ya vani watakwambia wanatafuta uhuru. Uhuru wenyewe ni huo.

Hatua ya 6: Jenga nyumba, kwa kiasi

Vipimo kwanza, kwa kuwa bati halina huruma. Ndani ya Ducato, sehemu iliyo pana, kuna sentimita 187. Ndani ya Sprinter hazifiki 179. Ukishabandika pamba ya kuzuia baridi na mbao kila upande, toa kama sita. Ndiyo maana wajenzi wa nyumba za magurudumu Ulaya nzima huikimbilia Ducato: mtu wa kimo cha kawaida analala kwa upana, kichwa ukutani na miguu ukutani, na gari linabaki na nafasi ya jiko. Katika Sprinter mtu huyo huyo analala amekunja magoti. Kama ndiyo uliyonunua, waambie watu umezoea. Utotoni mlikuwa mkilala wanne kitanda kimoja.

Kimo nacho kinaliwa vilevile. Ducato ya H2 ina mita 1.93 kutoka sakafu hadi paa. Tandika sakafu, piga dari, na mtu wa futi sita atabaki na nafasi ya kofia. Siyo ya kanzu na kofia ya kutarizi. Kofia ya kawaida.

Umeme ndipo wanaojidai hujifunga. Utanunua betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, utabandika sola juu ya paa karibu na ngazi, utaweka inveta yenye taa ya buluu, na utaamini unaweza kuchemsha chai kwa birika la umeme. Betri hiyo ina kama wati-saa 1,280. Birika la wati 2,000 litaivuta zaidi ya ampea 150 kwa mkupuo, kwa nyaya nene kama kidole gumba, na kwa chai mbili tatu za wageni wa Kiswahili, wanaotaka maziwa na tangawizi vichemke pamoja, friji itazimika. Tumia jiko la gesi. Inveta iache hapo, taa yake inapendeza usiku.

Hita ya dizeli lazima uwe nayo. Majina makubwa ni Webasto na Eberspächer, wote Wajerumani, na kuna nakala za Kichina ambazo kila mtu anazo na kila mtu anakana. Utazijua kwa sauti: pampu ndogo ya mafuta chini ya gari hugonga tik, tik, tik usiku kucha, na ukiamka saa nane hutajua kama ni pampu au ni moyo wako. Ukiiwasha baada ya kukaa muda mrefu hutoa moshi mweupe mzito chini ya ubavu wa gari, na jirani atakuja kukugongea kioo. Mpungie mkono. Moshi wake lazima utolewe nje kwa bomba lake, na ndani uweke king'ora cha kaboni monoksaidi, kipya, chenye betri. Katika mwongozo huu wote hapo tu ndipo njia ya mkato inapoua, na inaua watu usingizini.

Kilichobaki, yaani makabati, sinki na taa ndogo ndogo za dari, fanya upande mmoja tu wa gari. Ule unaoonekana mlango wa kuteleza ukifunguliwa. Upande wa pili ning'iniza pazia.

Hatua ya 7: Serikali inataka upambe

Ukitaka kwenye cheti cha gari paandikwe nyumba ya magurudumu badala ya vani, utawaandikia DVLA, wasajili wa magari. Ofisi zao ziko Swansea, ambayo iko Wales, kwa hiyo angalau barua yako itafika. Utadhani watakuuliza kitanda kina urefu gani. Watauliza, lakini kinachowakera zaidi ni sura. Wanataka gari likiwa barabarani mtu wa nje alitambue: madirisha mawili au zaidi ubavuni, turubai la kivuli lililofungwa pembeni, paa la juu, mlango wa kuingilia sebuleni, na michoro ya kisafiri pande zote mbili. Narudia kwa wasioamini: afisa wa serikali anaweza kulinyima gari lako jina kwa sababu halina stika za milima.

Bandika milima. Bandika na mawimbi. Jumatatu asubuhi bango lako la sumaku litaifunika milima, Ijumaa jioni utalibandua. Umeona sasa.

Na kuna faida ndani yake. Vani ya mizigo ya ukubwa huu, katika barabara pana za njia mbili mbili, mwisho wake ni maili 60 kwa saa. Nyumba ya magurudumu isiyozidi tani 3.05 ikiwa tupu inahesabiwa sawa na gari dogo, maili 70. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, stika ndiyo imeongezeka. Wenye bima nao waambie, wao hawapendi kushtukizwa.

Hatua ya 8: Dizeli inachukia uvivu

Hapa ndipo ulaghai wako utaanza kukugeuka, basi sikiliza kwa makini.

Kwenye ekzosi ya gari lako kuna kichungi cha masizi. Kinayakamata masizi, na kikijaa kinajisafisha kwa kuyachoma, kwenye joto la nyuzi kama 600. Joto hilo halipatikani kwa safari za kutoka nyumbani kwenda msikitini, msikitini kwenda shule, shule kwenda Lidl. Gari la msafirishaji vifurushi anayekwenda Birmingham na kurudi kila siku huenda lisiisikie taabu hii kwa miaka mingi. La kwako litaisikia ndani ya miezi, kwa kuwa halina pa kwenda.

Jifunze dalili. Umeegesha, umetaka kuzima, na injini inanguruma juu kidogo kuliko kawaida, feni inapuliza kama imekasirika, na kuna harufu ya chuma cha moto. Hapo kichungi kiko kazini. Ukizima umekikatiza. Kikatize mara nyingi, na dizeli iliyomwagwa kwa ajili ya kuyachoma masizi itashuka kwenye oili, utavuta kile kijiti cha kupimia na kukuta oili imeongezeka, na mjomba wako atasema, "Si nzuri hiyo? Injini inatengeneza oili yenyewe." Usimjibu. Badilisha oili.

Fundi mmoja wa uchochoroni atakuahidi kukitoa kichungi, kuliacha ganda lake tupu na kuifundisha kompyuta ya gari isilalamike. Ukaguzi wa mwaka, MOT, umekuwa ukikitafuta tangu Februari 2014, na gari lililojengwa nacho likikutwa halina linaanguka.

Kisha kuna AdBlue. Ni maji ya kusafishia moshi, yenye asilimia 32.5 ya urea, yana tangi lake lenye kifuniko cha buluu, na huganda nyuzi 11 chini ya sifuri. Yakikaribia kuisha dashibodi itaanza kukuhesabia umbali uliobaki, kwa adabu, mara nyingi. Hesabu ikifika sifuri ukazima injini, haiwaki tena mpaka ujaze. Na usimruhusu mtu yeyote akusaidie kujaza, hata kwa nia njema. AdBlue ikiingia kwenye tangi la dizeli, hata lita moja, usiguse ufunguo. Ita winchi.

Dawa ya yote haya ni moja na inauma: liendeshe. Mara moja kwa wiki, usiku, panda M1, shika mwendo mzuri nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Nyumbani aga kwamba umepata kazi Northampton. Vaa ovaroli. Njiani utakutana na vani nyingine nyeupe zenye ngazi juu na dereva mmoja mmoja, zikienda kasi pasipo mzigo. Usiwaulize.

Hatua ya 9: Safari

Usisafiri. Fukwe nyingi zimewekewa vizuizi vya mita mbili kwenye maegesho kwa ajili ya watu kama wewe. Scotland, ambako umesikia mtu analala popote, haki hiyo ni ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, gari halimo. Halafu kuna choo. Choo cha vani ni sanduku la plastiki chini ya kiti, na asubuhi mtu mmoja katika familia hulibeba kwa mkono mbele ya wageni wa kambi wanaokunywa kahawa, akalimwage mahali pake, alisuze, alirudishe. Jiulize mtu huyo atakuwa nani.

Piga picha tu. Geuza gari makalio yaelekee maji, mto unatosha, hata bwawa. Fungua milango ya nyuma yote miwili. Lala kitandani, piga picha ya nyayo zako na maji nyuma yake, uweke kwenye kundi la familia bila maneno. Wakiuliza uko wapi, andika "mbali na kelele". Saa moja baadaye uko kwako, unakula ugali.

Hatua ya 10: "Nitaipeleka nyumbani"

Mkeo atakuja siku moja na karatasi: bima, oili, kichungi, maegesho. Jibu lako liwe moja: "Hii naipeleka nyumbani, mama. Itafanya kazi." Kwa nguvu yake sijaona jibu linalolishinda, na unaweza kulitumia miaka.

Mradi asifuatilie. Usukani wa Uingereza uko upande unaotakiwa kwetu, hilo ni sawa. Lakini Kenya haipokei gari lililopita miaka minane, na la kwako lina saba na nusu. Tanzania inapokea, kisha inakutoza ushuru wa uchakavu. Dizeli ya Afrika Mashariki iliwekewa kiwango cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, wakati mashine za Euro 6 zimetengenezwa kwa dizeli ya Ulaya, ambayo ni 10. Na ukifika Ilala kutafuta spea za Ducato, wauza spea watakusikiliza kwa heshima yote, halafu watakuuliza kama hii inaingiliana na ya Hiace.

Hatua ya mwisho: Uza kabla hujaulizwa

Liuze wakati wa machipuko, Machi na Aprili, Waingereza wanapoanza kuota jua. Kwenye tangazo usiseme gari la kazi, wala usiseme limesafiri. Sema "limetunzwa", maana limekaa. Maili chache ulizotembea, ambazo ndizo zilizokiua kichungi, zitasomeka kama sifa. Shusha ngazi, tupa kikombe cha kahawa, ficha bango lako la sumaku stoo. Harufu ya pilau iite viungo vya Mashariki.

Usimuuzie mtu wa jumuiya hata akipandisha bei, kwa sababu mtakutana harusini na atakuwa na swali. Mtafute Mwingereza wa mbali, Cornwall ikiwezekana. Pokea fedha benki, mpe karatasi yake ya cheti, na siku hiyo hiyo uwaarifu DVLA kwamba gari si lako tena. Usipowaarifu, faini zake zote zitaendelea kuja kwa jina lako.